Mwalimu wa Darasa la Kwanza na Lugha Tatu: Maandalizi ya Walimu wa Kiingereza Nchini Kenya

Historia ya lugha katika shule za Kenya imezoea kuandikwa kama historia ya tume. Msomaji hupewa mwaka, jina la mwenyekiti na orodha ya mapendekezo, kisha huvushwa hadi tume inayofuata. Maelezo ya namna hiyo ni ya kweli, lakini yanamwacha nje mtu ambaye bila yeye hakuna pendekezo lililopata kuingia darasani, naye ni mwalimu wa darasa la kwanza. Katika makala haya tunanuia kumfuata yeye. Mwalimu huyu alipotakiwa kuwafundisha Kiingereza watoto waliofika shuleni na lugha moja au mbili za kwao, alifunzwa nini juu ya kazi hiyo, na alipokwama alisaidiwa na nani? Hoja yetu ni kwamba Kenya imegundua mara tatu namna ya kumfikia mwalimu huyo pale pale anaposomeshea, na mara zote tatu imemfikia mikono mitupu katika jambo alilolihitaji mno: maarifa ya lugha wanazokuja nazo watoto.

Ugunduzi wa kwanza ulitokana na Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 chini ya Thomas Jesse Jones, naye James Aggrey wa Gold Coast akiwa miongoni mwa wajumbe. Tume hiyo ilipendekeza mtoto aanzishwe masomo katika lugha ya kwao, na Kiingereza kije baadaye. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, J. W. C. Dougall akiwa mkuu wake. Kazi yake haikuwa kuwafunza walimu wapya. Iliwachukua walimu waliokwisha kuionja kazi, ikawapa maarifa zaidi pamoja na wake zao, kisha ikawarudisha vijijini ili wazunguke shule baada ya shule wakiwasaidia wenzao. Mtu anaweza kuikosoa shule hiyo kwa mengi, hasa kwa ile imani yake kwamba Mwafrika anafaa zaidi elimu ya jembe na afya kuliko elimu ya kitabu. Hata hivyo, wazo la mwalimu mtembezi lilikuwa jema kwa sababu lilitambua kwamba mafunzo ya chuoni hayamtoshi mtu aliye peke yake mbele ya watoto wengi.

Katika zama hizo suala la Kiingereza halikumsumbua sana mwalimu wa darasa la kwanza. Yeye na wanafunzi wake, aghalabu, walikuwa watu wa lugha moja, na Kiingereza kiliwangojea watoto katika madarasa ya juu. Mambo yaligeuka katika miaka ya hamsini.

Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilianzisha mjini Nairobi kituo maalumu cha kujaribu ufundishaji wa masomo yote kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Majaribio yalianzia katika shule za watoto wenye asili ya Kihindi, na jambo hili halipasi kupuuzwa. Darasa moja la shule hizo liliweza kuwa na watoto wa Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu, wala hapakuwa na lugha moja ya nyumbani iliyowaunganisha wote. Mpango uliozaliwa hapo, ambao baadaye ulienezwa katika shule za Waafrika kwa jina la Mwelekeo Mpya wa Msingi, ulikuwa basi jibu la tatizo la mji. Ulipelekwa mashambani, ambako darasa zima lilizungumza Kikamba au Kinandi, bila ya mtu kuuliza kama tatizo ni lile lile.

Haki yake tuipe. Mpango huo ulibadilisha sura ya darasa la kwanza. Watoto waliokuwa wakikaa safu safu wakiimba maneno ya ubaoni waligawanywa katika vikundi, wakapewa vitu vya kushika na kuhesabu, wakasimuliwa hadithi kwa picha. Mwalimu alipewa kitabu cha mwongozo kilichomweleza somo hatua kwa hatua, na pakawa na wasimamizi waliomzungukia. Huo ndio ugunduzi wa pili wa mwalimu mtembezi. Yamkini sehemu kubwa ya mafanikio yaliyosifiwa ilitokana na mambo haya kuliko lugha yenyewe. Mtoto aliyefundishwa kwa vitu, hadithi na vikundi vidogo angaliendelea vyema hata kwa Kimeru.

Nadharia iliyouongoza mpango ilikuwa nyingine. Mnamo Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, akiuchambua urithi wa mkutano huo mwaka 1992, alionyesha imani zilizojengwa juu yake: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni Mwingereza mwenyewe, kwamba kuanza mapema ni bora, na wingi wa vipindi ni bora zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa, Kiingereza kitadhoofika. Kwa nadharia kama hiyo mwalimu wa Kiafrika ni upungufu tangu kuzaliwa kwake, na lugha yake ni kizuizi. Hapakuwa na sababu ya kumfunza chochote juu ya lugha ya mtoto, kwa kuwa lugha hiyo ilitakiwa ibaki mlangoni.

Uhuru ulipofika, Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964. Ilikitaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, Kiswahili kiwe somo la lazima, na lugha za kienyeji zitengewe kipindi cha hadithi kila siku. Nia ya tume, ya kuunganisha taifa na kuondoa ubaguzi wa shule, hatuna haja ya kuishuku. Lakini upanuzi ulikuja kwa kasi ambayo wasimamizi hawangeweza kuifuata. Clifford Prator na mwenzake Hutasoit waliichunguza hali hiyo na kutoa ripoti yao mwaka 1965. Mpango uliobuniwa kwa madarasa machache yenye walimu waliochaguliwa na kutembelewa, sasa ulikabidhiwa watu waliokuwa na Kiingereza kidogo na mafunzo haba. Kitabu cha mwongozo kilifika, lakini mtu wa kumwonyesha mwalimu namna ya kukitumia hakufika.

Tutazame sasa kile ambacho mwalimu huyo angaliweza kufunzwa, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto wa Kikuyu huja shuleni akiwa na sauti ya *r* bila *l*, na sauti za *b*, *d* na *g* zenye kufunga pumzi anazo tu zinapotanguliwa na king'ong'o, kama katika *mb*, *nd* na *ng*. Anapoyachanganya maneno ya Kiingereza yenye *l* na *r*, au anapoanza neno la *b* kwa *mb*, hakosei ovyo. Anafuata sheria thabiti za fonolojia ya kwao. Mtoto wa Kikalenjin naye ana *p*, *t* na *k*, lakini mghuno kwake hautofautishi maana, na kwa hiyo *p* na *b* za Kiingereza anazisikia kuwa kitu kimoja. Mjaluo hana *sh*, *z* wala *v*. Haya ni mambo ambayo mwalimu akiyajua, anaweza kuyapangia mazoezi ya wiki mbili. Asipoyajua, ataita uzembe kile kilicho mfumo.

Wala lugha ya kwanza si chanzo cha makosa peke yake. Kijaluo kina irabu tisa, ingawa kinaandikwa kwa herufi tano za irabu, na miongoni mwa tofauti zake za ulimi ni ile ya *i* mbili na *u* mbili, tofauti iliyo karibu sana na ile ambayo Kiingereza hutumia kutenganisha maneno mengi ya kila siku. Mtoto wa Kisumu basi tayari anakisikia kile ambacho mtoto wa Mombasa, mwenye irabu tano tu, inambidi akitafute kwa taabu. Ni mali ambayo haikuandikwa katika mwongozo wowote, kwa kuwa mwongozo ulikuwa mmoja kwa nchi nzima.

Tahajia nayo ina mitego yake. Aliyejifunza kusoma Kikuyu anaijua herufi *c* kwa sauti iliyo jirani ya *sh*. Katika Kiingereza herufi iyo hiyo inasomwa mara *k*, mara *s*. Katika sarufi, lugha zetu nyingi hutumia kiwakilishi kimoja kwa mwanamume na mwanamke. Na liko jambo la adabu ya kujibu. Mtoto akiulizwa kwa Kiswahili, "Huna kalamu?" naye hana, atajibu, "Ndiyo, sina," yaani akikubali alivyosema muulizaji. Akilijibu vivyo hivyo swali la Kiingereza, mwalimu ataelewa kwamba kalamu anayo, na atamwona mwongo. Hatujui ni viboko vingapi vilivyopigwa kwa ajili ya "ndiyo" hiyo.

Badala ya maarifa haya shule nyingi zilikuwa na kile kidude ambacho mwanafunzi alipokezwa akisikika akisema lugha ya kwao, akakipitisha kwa mwenzake hadi jioni ya adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha 1986 kama alivyoiona wakati wa Hali ya Hatari. Kwa mtazamo wa mafunzo ya ualimu, kidude hicho ni ushahidi: mwalimu asiyepewa mbinu hutumia woga.

Mwaka 1974 karo ya madarasa ya chini ilipoondolewa, wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 1.8 hadi milioni 2.7 kwa mwaka mmoja, na walimu wasiofunzwa wakaajiriwa kwa wingi. Tume ya Gachathi ya 1976 ilirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza, Kiingereza kikishika nafasi ya ufundishaji kuanzia darasa la nne. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha zisizopungua 20. Lakini vyuo vya ualimu vilikusanya wanafunzi wa lugha mbalimbali na kuwafunza kwa Kiingereza. Aliyehitimu alitarajiwa kufundisha kusoma kwa Kitaita ilhali hakuwahi kuona somo moja la Kitaita likifundishwa, kisha awavushe watoto hao hadi Kiingereza katika darasa la nne bila ya kuonyeshwa daraja liko wapi.

Sisi wa vyuo vikuu hatuna pa kujificha. Uchunguzi wa lugha wa Afrika Mashariki ulifanywa kati ya 1967 na 1971, na kitabu juu ya Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley kikatoka 1974. Maelezo ya fonolojia na sarufi za lugha zetu yaliendelea kurundikana katika tasnifu. Yaliandikwa kwa ajili ya wataalamu wenzetu, na ni machache mno yaliyogeuzwa kuwa kurasa kumi ambazo mwalimu wa Nyeri au Kericho angeweza kuzisoma jioni akitayarisha somo.

Ugunduzi wa tatu ni wa karibuni. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kote kuanzia 2015, uliwatuma maafisa wa kusaidia mitaala madarasani wakiwa na kompyuta ndogo za mkononi, wamsikilize mtoto akisoma na kuzungumza na mwalimu baada ya somo. Mwalimu mtembezi wa Kabete alikuwa amerudi. Lakini Tusome ulikuwa wa Kiingereza na Kiswahili tu, ijapokuwa mradi ulioutangulia ulikuwa umejaribu Kikamba huko Machakos na Kibukusu huko Bungoma, na watoto waliofundishwa kwa lugha hizo wakasoma vyema zaidi katika lugha hizo. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu viliingia katika mafunzo ya stashahada badala ya cheti cha P1, na mtaala mpya unasema tena kwamba lugha ya eneo itumike hadi gredi ya tatu. Mwalimu anayehitimu leo amesoma zaidi kuliko yule wa 1965. Anapopangiwa shule ya Bungoma, bado anaingia darasani bila ya karatasi inayomweleza Kibukusu kina sauti zipi ambazo Kiingereza hakina.