Sabini na Moja

Baba mdogo alikuwa anagombana na dereva kwenye simu wakati kidole chake kinasoma 71.

Ilikuwa Februari 2021, nyumbani kwake Tunduma. Alikuwa wakala wa forodha, na lori la mteja wake lilikuwa limekwama upande wa Nakonde kwa sababu ya karatasi moja. Amekaa kwenye kochi, amevaa koti, anatoa sentensi ndefu bila kukata pumzi. Binti yake, aliyekuwa anasoma uuguzi, alikuwa amemvika kile kibanio kidogo cha kupimia oksijeni. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida husoma 95 kwenda juu. Binti akatazama, akakivua, akakipangusa, akakivika kidole kingine. Sabini. Kisha sabini na moja.

"Hicho betri imekufa," baba mdogo alisema, kiganja kikiwa kimefunika simu. "Mimi kupumua sina shida, mwanangu. Ni uchovu tu."

Tulibadilisha betri.

Siku tatu kabla, mama mdogo alikaanga dagaa mpaka jirani akafunga dirisha, na baba mdogo akauliza mbona leo jikoni hakupikwi. Usiku mmoja aliamka akamwita kaka yake, ambaye tulimzika mwaka 2009, amfungulie geti. Tulicheka kidogo asubuhi, na yeye akacheka. Hakuna aliyeviita vitu hivyo ugonjwa. Ugonjwa tuliokuwa tunausubiri ulikuwa na kikohozi na homa, na kwa huo tulikuwa tumejiandaa: sufuria la nyungu, majani ya mkaratusi, mchaichai, tangawizi, blanketi zito.

Alifariki siku mbili baadaye, hospitalini. Kwenye karatasi waliandika nimonia.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na mafunzo yangu yote yananirudisha kwenye kochi lile. Kazi ya mwanahistoria ni kuuliza nani aliona, nani aliandika, na kwa nini. Nimeanza kuamini kwamba hata dalili za ugonjwa zina historia ya namna hiyo. Mwili hutoa ishara, lakini ishara isiyo na jina hupita mbele ya macho yetu kama lori lisilo na namba.

Aprili 2020, wakati sisi tunajifunza kunawa mikono kwa ndoo yenye bomba, madaktari wa dharura New York walikuwa wanakutana na kitu kilichowachanganya. Mmoja wao, Richard Levitan, aliandika katika gazeti la New York Times la tarehe 20 mwezi huo kuhusu wagonjwa waliofika na oksijeni ya chini kiasi cha kutisha, na bado wanaongea, wanachezea simu zao. Kwa hesabu za vitabuni walipaswa kuwa wamezimia. Hali hiyo ikapewa jina la upungufu wa oksijeni wa kimyakimya.

Maelezo yake si ya miujiza. Bana pumzi sasa hivi. Kinachokulazimisha kuiachia, kwa sehemu kubwa, ni kabonidayoksaidi inayojikusanya kwenye damu, kwa sababu ubongo huihisi hiyo upesi kuliko unavyohisi oksijeni inavyopungua. Kwa baadhi ya wagonjwa wa korona, mapafu yaliendelea kwa muda kutoa hewa chafu vizuri huku oksijeni ikishindwa kuingia kwenye damu inavyotakiwa. Mgonjwa anapumua haraka kidogo bila mwenyewe kujua, na kengele ya mwili hailii. Anapokuja kusema nimeishiwa pumzi, ugonjwa umeshafika mbali. Madaktari wakaongeza na mengine: damu kuganda kwenye mishipa, wazee kuchanganyikiwa kabla hata ya kupata homa, pua kupoteza harufu, vidole vya miguu kuvimba na kubadilika rangi. Ugonjwa uliotangazwa kuwa wa kifua ulikuwa unatembea mwili mzima.

Tunduma haikuwa mbali na habari hizo. Tarehe 9 Mei 2020, Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85, na 76 kati yao walikuwa Nakonde, yaani ng'ambo ya barabara. Rais Edgar Lungu aliufunga mpaka kuanzia tarehe 11, na malori yakalala kwenye foleni kuelekea Mbozi, madereva wakipika chini ya matela. Siku zilezile takwimu za upande wetu zilisimama: wagonjwa 509, vifo 21. Namba hiyo haikusogea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyekuwa anauza maandazi kwa kwacha asubuhi na kwa shilingi jioni aliishi katikati ya hesabu mbili, moja inapanda na nyingine imeganda.

Kufikia mapema mwaka 2021 lugha yenyewe ilikuwa imejifunza kuzunguka. Watu walifariki kwa "changamoto ya upumuaji". Lakini baba mdogo hakuwa na changamoto ya upumuaji. Ndiyo maana hatukumpeleka mapema. Jina tulilopewa lilikuwa linaelekeza macho yetu mahali ambapo ugonjwa wake haukuwepo.

Nilipoanza kutafuta mada ya tasnifu, niliangukia mwaka 1918, na nikakuta barabara ileile. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ukingoni. Oktoba mwaka huo, kikosi cha Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck kilitoka Songea, kikapita Ubena, kikavuka nyanda hizi zetu za kusini-magharibi, na mwanzoni mwa Novemba kikashambulia Fife, kituo cha Waingereza karibu na Nakonde ya leo. Tarehe 25 Novemba kilisalimu amri Abercorn, mji tunaouita sasa Mbala. Katika kumbukumbu zake Lettow-Vorbeck anaeleza jinsi ugonjwa wa kifua na nimonia ulivyokishika kikosi kile njiani. Yalikuwa majira ya mafua makubwa yaliyoitwa ya Kihispania, ambayo yalikuwa yameshafika Freetown mwezi Agosti na Cape Town mwezi Septemba. Baada ya kusalimu amri, askari Waafrika wa kikosi kile walipelekwa Tabora, na huko mafua yaliendelea kuwaua.

Mafua yale nayo yalikuwa na dalili zisizo za mafua. Watu walitokwa damu puani. Wengine walipayuka. Na iliyowatisha zaidi madaktari ilikuwa rangi: uso uligeuka zambarau iliyofifia, kuanzia midomo na masikio, kwa sababu damu ilikuwa imekosa oksijeni. Waingereza waliipa rangi hiyo jina la ua. Waliona zambarau, wakajua mgonjwa hana siku nyingi.

Daktari mmoja katika kambi ya Devens, karibu na Boston, alimwandikia rafiki yake Septemba 1918 kwamba rangi hiyo ilienea usoni hadi ikawa vigumu kumtofautisha Mzungu na mtu mweusi. Niliposoma barua hiyo maktaba niliifunga kompyuta nikatoka nje. Kumbe dalili kuu ya janga lile ilisomwa juu ya ngozi nyeupe. Weusi ulikuwa kipimo cha mwisho wa mabadiliko. Basi wapagazi waliopita hapa na mizigo kichwani, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile na kutuachia jina la Kariakoo, nani alitazama midomo yao? Nani alifunua kope, akakagua ulimi, kucha na viganja, mahali ambapo ngozi yetu huonyesha kitu hichohicho? Ninachokuta ni hesabu za mizigo na hesabu za watu. Hesabu za mizigo ndizo zilizoandikwa kwa uangalifu zaidi.

Ningependa kusema kwamba mashine ilimaliza tatizo hilo. Kanuni ya kile kibanio iligunduliwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970: mwanga unapita kwenye kidole, na jinsi damu inavyoumeza unaonyesha ina oksijeni kiasi gani. Aoyagi alifariki tarehe 18 Aprili 2020, siku mbili kabla ya makala ya Levitan, dunia nzima ikiwa inagombania kifaa chake. Lakini Desemba mwaka huohuo, watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mwanga unaopita kwenye ngozi nyeusi unaweza kutoa namba nzuri kuliko hali halisi.

Kwa hiyo ile 71 tuliyodhani ni uongo wa betri, huenda ukweli ulikuwa chini zaidi.

Simwandikii mtu mashtaka. Hospitali ilifanya kwa mitungi iliyokuwa nayo, na sisi wenyewe tulikuwa na kifaa mkononi tukakibishia. Mwaka huohuo mambo yalibadilika: takwimu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera. Mama mdogo alichanjwa pia. Alikwenda amevaa khanga ya msiba, akasema anakwenda kwa niaba ya watu wawili.

Likizo iliyopita nilirudi Tunduma. Kuna daftari la ukoo ambalo babu alilianzisha, lenye majina, tarehe za kuzaliwa, mahari, na vifo. Sababu za vifo humo ni chache: uzee, ajali, uzazi, kifua. Kuna babu wa babu aliyeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine kwamba alikufa "baada ya vita, kwa kifua". Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Labda ni mafua yale, labda siyo. Neno moja limefunga mlango.

Mstari wa baba mdogo nao ulikuwa umeandikwa "kifua". Nilimwomba mama mdogo ruhusa. Akafikiri, akaniambia niandike kila kitu, hata cha dagaa. Basi nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo ili zienee: Alipoteza harufu. Alimwita kaka yake usiku. Hakukohoa. Alikuwa anaongea na simu, na oksijeni yake ilikuwa 71.

Mama mdogo akasoma, akachukua kalamu, akaongeza kitu ambacho mimi sikukijua: kwamba asubuhi ile, alipokuwa anampaka mafuta mikononi, aliona kucha zake zimekuwa rangi ya bluu, akadhani ni baridi.