Tarishi wa Chembe Hai

Msomaji kijana, ukisimama katika uwanja wa Ruring'u, mjini Nyeri, kumbuka kuwa hapo ndipo walipokusanyika, Desemba 1963, wapiganaji waliotoka msituni baada ya nchi kupata uhuru. Katika miaka ya vita, neno la wakuu waliokuwa mafichoni lilisafiri kwa barua mikononi mwa tarishi. Mkuu hakutoka, neno lake lilitoka. Ushike mfano huo, kwa kuwa chembe za mwili wako zina desturi iyo hiyo.

Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza, huko Cambridge, umbo la DNA, iliyo hazina ya maagizo ya urithi. Lakini fumbo likabaki. DNA hukaa ndani ya kiini cha chembe, na protini hutengenezwa nje yake, katika viwanda vidogo mno viitwavyo ribosomu, ambavyo George Palade alivieleza mwaka 1955. Je, agizo lafikaje kiwandani, hali mwenye agizo hatoki?

Wako waliodhani kuwa kila ribosomu huundwa pamoja na agizo lake, isiweze kufanya kazi nyingine. Mwaka 1960 Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na François Jacob wa Ufaransa na Matthew Meselson wa Marekani, waliijaribu dhana hiyo huko California. Waliwaambukiza bakteria virusi, wakachunguza. Wakaona kuwa hapakuundwa ribosomu mpya. Zilitumika zile za zamani, ila RNA mpya ilikuwa imeshikamana nazo. Basi kiwanda hakina agizo lake; hutii barua yo yote iletwayo. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1961.

Hivyo zikajulikana RNA za namna tatu. Ya kwanza ni tarishi: hunakili agizo la DNA, hulipeleka nje ya kiini, kisha huvunjwa. Ya pili ni hamali, iliyogunduliwa na Paul Zamecnik, Mahlon Hoagland na wenzao katika miaka ya 1950: huleta asidi amino moja moja, kwa utaratibu ulioandikwa katika barua. Ya tatu ni fundi: ndiyo sehemu kubwa ya ribosomu yenyewe, nayo huziunganisha asidi hizo ziwe protini. Baadaye, mwaka 1993, ikatangazwa RNA nyingine, ndogo sana, inayozuia barua isisomwe.

Pengine wauliza, "Yanifaa nini haya?" Mwaka 2021 zilifika Kenya chanjo za korona zilizotengenezwa kwa RNA tarishi. Walikuwako watu walioogopa kwamba zingegeuza urithi wao na wa watoto wao. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana mtu huogopa asichoelezwa. Lakini wewe sasa waweza kujibu. Chanjo ile ni barua tu. Husomwa na ribosomu nje ya kiini, haiingii katika hazina ya DNA, na baada ya muda mfupi huvunjwa kama barua nyingine zote. Kinachobaki ni kumbukumbu ya mwili juu ya adui.

Basi siku jirani yako atakapokuuliza kwa hofu, usimbeze. Keti naye, umwonyeshe njia ya barua tangu itokako hata ikomeapo.