Difu

Difu ni mfumo wa gia katika gari unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu mawili ya ekseli moja, huku ukiyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, difu huwa katikati ya ekseli ya nyuma.

Sababu ya kuwepo

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Kama magurudumu yameachana kwa mita 1.5, kwenye kona ya nyuzi 90 tofauti hiyo ni takriban mita 2.4. Yangefungwa kwenye shafti moja, tairi zingeteleza na kulika haraka. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni difu kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820.

Namna inavyofanya kazi

Shafti inayotoka kwenye giaboksi huzungusha gia ndogo, nayo huzungusha gia kubwa ya duara. Ikiwa ndogo ina meno 10 na kubwa meno 41, shafti huzunguka mara 4.1 ili gia kubwa izunguke mara moja. Gia kubwa imefungwa kwenye kasha. Ndani ya kasha kuna gia nyingine ndogo zilizoshikana na gia mbili za pembeni, kila moja ikiwa na gurudumu lake. Kwenye njia iliyonyooka zote huzunguka pamoja na kasha. Kwenye kona, gurudumu moja likipunguza mizunguko 10 kwa dakika, la pili huongeza 10.

Udhaifu

Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha karibu sawa pande zote mbili. Gurudumu moja likiwa kwenye matope huzunguka kwa nguvu kidogo tu, na lililo kwenye ardhi kavu hupata kidogo hichohicho, gari hukwama. Ndiyo maana malori mengi na matrekta yana kifaa cha kufunga difu. Kifaa hicho hakitumiki kwenye lami kavu, kwani huweza kuvunja shafti.

Tabia hiyo ni hatari pia wakati wa kubadilisha tairi. Gurudumu linalozungushwa na injini likiinuliwa kwa jeki, gari huweza kubingirika hata likiwa kwenye gia. Kwa hiyo breki ya mkono hufungwa, na magurudumu yaliyobaki chini huzuiwa kwa mawe au vipande vya mbao.