Nasaba ya Mbwa wa Kijijini

Katika vijiji vya Izimbya, mkoani Kagera, mbwa hulala kivulini pa migomba, pale njia ya kuingilia kibanja inapoanza. Ni mnyama wa kimo cha kadiri, mwembamba wa kiuno, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya kahawia au ya manjano iliyofifia, na mara nyingi mkia wake hujikunja kuelekea mgongoni. Hana cheti cha kuzaliwa wala jina la ukoo. Kiswahili humwita mbwa koko, na ndani ya jina hilo mna dharau, kana kwamba huyu ni mbwa asiye na asili. Jina hilo lastahili kupimwa, maana historia haikubaliani nalo.

Mbwa wote wa kufugwa ni wazao wa mbwa mwitu wa kijivu, mnyama wa nchi za kaskazini. Si wazao wa bweha, wala wa mbwa mwitu wa Afrika mwenye mabaka, ambaye ni mnyama wa jamii nyingine. Taya la mbwa lililofukuliwa karibu na Bonn, Ujerumani, mwaka 1914, lina umri wa miaka 14,000 hivi, nalo lilikuwa limezikwa pamoja na watu. Barani Afrika mbwa alikwisha kufugwa Misri zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, kisha akafuatana na wachungaji na wakulima kuelekea kusini. Ushahidi mmoja wa ukale wake umo vinywani mwa watu. Mhaya husema embwa, Mganda embwa, Mnyarwanda imbwa, na Mswahili mbwa. Neno moja lililotawanyika hivyo ni dalili kwamba mababu wa wasemaji hao walimjua mnyama huyu kabla ya lugha zao kuachana.

Wala mbwa hakuwa kiumbe duni katika nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 1862 msafiri Mwingereza John Speke, akitoka Karagwe kwa mfalme Rumanyika, alifika Buganda na kumkuta Kabaka Mutesa ameketi, na kando yake mbwa mweupe, mkuki na ngao, vikiwa alama za enzi yake.

Dharau, basi, ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka pwani. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, ijapokuwa mbwa wa kuwinda na wa kulinda ameruhusiwa. Methali yaonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Pwani hiyo hiyo ililitumia neno washenzi kwa watu wa bara, waliohesabiwa kuwa hawana dini wala ustaarabu wa mji. Dharau hizo mbili, ya mbwa na ya watu, zilikuja kukutana katika jina moja.

Mbwa mdogo wa misitu ya Kongo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Basenji. Jina hilo si jingine ila washenzi, lililovikwa kiambishi cha lugha za Kongo. Mbwa huyo ana kimo cha sentimita 40 hadi 43 na uzito wa kilo 10 au 11. Masikio yake husimama, paji la uso lina makunyanzi, na mkia umeviringika juu ya mgongo. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti iliyo kama wimbo. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele shingoni ili wajue alipo. Ni mwerevu, msafi, na hapendi kuamrishwa. Wawili walipelekwa Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa maradhi. Wengine waliofuata walionyeshwa London mwaka 1937, na watu wakasongamana kuwatazama. Tangu hapo mshenzi akawa na cheti.

Cheti chenyewe ni jambo la juzi. Maonyesho ya kwanza ya mbwa Uingereza yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na chama cha kuandikisha nasaba za mbwa kikaundwa London mwaka 1873. Mbwa wa Kijerumani wa kuchunga, ambaye leo hutumiwa sana na polisi, alipata chama chake mwaka 1899, miaka 9 baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Wajerumani huko Bukoba. Ni mbwa mkubwa, dume wake akiwa na kimo cha sentimita 60 hadi 65, mtiifu na mwepesi wa kujifunza. Lakini kabla ya mwaka huo wazazi wake walikuwa mbwa wa wachungaji, wakifuata kondoo vijijini. Naye alikuwa mbwa wa kijiji, mpaka afisa wa farasi, Max von Stephanitz, alipomwandika daftarini.

Mbwa wa Rhodesia mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, mwindaji wa simba, aliandikiwa sifa zake Bulawayo mwaka 1922. Watu humhesabu kuwa mbwa wa Afrika hasa, kwa sababu mstari ule ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Lakini mwaka 2009 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima chembe za urithi za mbwa wa vijijini 318 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba Basenji ana undugu na mbwa wa asili wa Afrika, hali yule wa Rhodesia, licha ya jina na sifa, sehemu kubwa ya damu yake yatoka nje ya Afrika. Uganda ni jirani wa Kagera. Anayetaka kujua nasaba ya mbwa wa Izimbya asianze kutafuta mbali.

Liko funzo jingine. Basenji wa Marekani walizaliana wao kwa wao kutokana na wazazi wachache, na ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea kati yao. Mwaka 1990 daftari lao, lililokuwa limefungwa, lilifunguliwa tena ili kuwapokea mbwa 14 walioletwa kutoka Zaire, nchi iitwayo leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenye vyeti walirudi kwa wasio na vyeti kuomba damu.

Leo mjini mtu hulipa fedha nyingi kwa mbwa wa kigeni, na mbwa wa kijiji humpiga jiwe. Hapana kosa kumpenda mbwa wa kigeni, maana kila mbegu ina kazi yake. Kosa ni kudhani kwamba kisichoandikwa hakikuwako. Mbegu ya kijiji inaweza kupotea kwa kuchanganywa na za kigeni bila mtu kujua kilichopotea, na hapo hakutakuwa na Kongo ya kuiendea kuomba nyingine. Mbwa wa Izimbya astahili chanjo, chakula na jina lisilo tusi, kama mwenziwe wa mjini.