Mgeni siku mbili, ya tatu mpe kibali: historia ya kibali cha kazi Kenya 🧵

1/ Kila tukikaribia uchaguzi kuna hotuba mbili lazima utazisikia. Ya kwanza: "Wageni wanachukua kazi za watoto wetu, tutawafungia!" Ya pili: "Bila wataalamu kutoka nje uchumi hausongi, tuwafungulie!" Watu hushangilia zote mbili, wakati mwingine kwenye mkutano ule ule. Sitataja mtu wala chama. Nataka tuangalie kibali chenyewe kilitoka wapi, maana kilikuwa na kazi ambayo hotuba zote mbili huiruka.

2/ Tuanze na sheria ya leo: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 40. Mgeni anayekuja kuajiriwa hupewa kibali cha Daraja la D. Lazima awe na kazi maalum kwa mwajiri maalum, awe na ujuzi au elimu isiyopatikana Kenya, na ajira yake iwe na faida kwa nchi. Shika hayo maneno: "isiyopatikana Kenya". Ugomvi wote uko hapo.

3/ Sasa turudi nyuma. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta Wahindi kama 32,000 kujenga reli kutoka Mombasa. Walikuwemo vibarua, lakini pia waashi, maseremala, wahunzi na makarani. Reli ilipoisha wengi wakarudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki. Si ati Mwafrika hangeweza kujifunza ufundi huo. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kumfundisha.

4/ Serikali ya kikoloni iliendelea hivyo. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara ukafuata rangi. Mwaka 1954 tume ya mishahara ikapendekeza ngazi za rangi ziondolewe, ila ikaruhusu nyongeza kwa maafisa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Kuanzia 1961 Uingereza yenyewe ikaanza kulipia nyongeza hiyo kwa maafisa wake. Kwa hivyo ukisikia mgeni na Mkenya wana meza moja na payslip mbili tofauti, jua jambo hilo lina umri mkubwa kuliko bendera yetu.

5/ Uhuru ukaja Desemba 1963. Tulikuwa na wasomi wangapi? Wachache mno. Daktari Mkenya alikuwa amesomea Makerere, Uganda, au ng'ambo. Ile ndege ya kwanza maarufu ya wanafunzi kwenda Marekani, Septemba 1959, ilibeba watu 81. Nchi nzima ilikuwa inasubiri vijana wa aina hiyo warudi na vyeti. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulikiri wazi kuwa upungufu wa watu waliofunzwa ni kikwazo kikubwa cha maendeleo.

6/ Ndipo ikaja Sheria ya Uhamiaji ya 1967, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Asiye raia akitaka kufanya kazi hapa, lazima awe na kibali, na kibali kina muda. Ofisi maalum ikawekwa chini ya wizara ya kazi kusukuma ajira ziende kwa Wakenya. Ujumbe ulikuwa huu: mgeni ni wa kujaza pengo, na pengo lina mwisho.

7/ Lakini sheria hiyo ilimpata nani kwanza? Wengi hudhani ni mkurugenzi Mzungu. Kumbe waliosukumwa zaidi ni makarani, walimu, mafundi na wenye maduka wa asili ya Kihindi, wengi wao waliozaliwa hapa hapa Mombasa, Nairobi, Kisumu. Baada ya uhuru walikuwa na miaka miwili ya kuomba uraia, hadi Desemba 1965. Waliotuma maombi kwa wakati hawakufika 20,000. Wengine walibaki na pasipoti za Uingereza, wakiamini ndizo kinga yao.

8/ Kinga gani? Mwisho wa 1967 na mwanzo wa 1968 familia zikajaa uwanja wa ndege na masanduku. Uingereza ikaogopa. Bunge lake likapitisha sheria kwa siku chache tu, ikaanza tarehe 1 Machi 1968: mwenye pasipoti yao haingii bila kibali kama hana mzazi au babu wa kumfunganisha na Uingereza. Mtu akajikuta huku hana kibali cha kazi, kule haruhusiwi kuingia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema ubaguzi huo uliwashushia watu utu wao.

9/ Sisemi Kenya haikuwa na haki ya kufungua nafasi kwa raia wake. Ilikuwa nayo, na dhuluma ya mishahara ya rangi ilikuwa ya kweli. Lakini kumbuka hili wakati mtu anapiga kelele "wageni watoke!": makali ya sheria hiyo hayakumwangukia mtaalamu wa mshahara mkubwa. Yalimwangukia jirani.

10/ Sasa nusu ya pili ya hadithi, ile ambayo haisemwi majukwaani. Mwaka huo huo wa 1967, chuo kikuu cha Nairobi (wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki) kilianza kufundisha udaktari. Weka hayo mawili pamoja. Kibali kinanunua muda. Shule inautumia muda huo. Daktari wa kigeni anatibu leo, huku Mkenya yuko darasani. Ukiondoa shule, kibali kinabaki cha kufanywa upya milele. Ukiondoa kibali, mgonjwa anakosa daktari kabla mwanafunzi hajamaliza.

11/ Mpango huo bado upo kwenye makaratasi. Mwajiri anayeomba Daraja la D hutakiwa kumtaja Mkenya atakayejifunza kazi chini ya mgeni, pamoja na vyeti vyake. Wazo zuri sana. Swali ni nani huenda kuangalia. Kibali kikiisha kinaombwa tena, na jina la yule Mkenya liko palepale kwenye fomu. Amefunzwa nini? Kwa nini bado hajachukua kiti?

12/ Mwaka 2012 serikali ilijaribu njia nyingine: mwombaji asiwe chini ya miaka 35, na alipwe angalau dola 24,000 kwa mwaka. Lengo lilikuwa kuzuia kazi ndogo ndogo zisipewe wageni. Lakini mshahara mkubwa unaonyesha mtu ni ghali. Hauonyeshi kwamba hakuna Mkenya wa kazi hiyo.

13/ Kisha madaktari wakatuonyesha ukweli wote hadharani. Desemba 2016 hadi Machi 2017 waligoma siku 100. Mgomo ulipoisha tu, ikatangazwa kuwa Tanzania itatuletea madaktari 500. Madaktari wa Kenya wakaenda kortini: wenzetu wamesoma na hawana kazi, mnaagizaje wengine? Korti ikasimamisha mpango. Tanzania ikaajiri nyumbani 258 kati ya walioomba nafasi hizo.

14/ Juni 2018 wakaja 100 kutoka Cuba, wengi wao mabingwa, wakasambazwa kaunti. Hapa tuwe wakweli: baadhi ya hospitali hizo hazikuwa na daktari bingwa hata mmoja. Aprili 2019 wawili walitekwa nyara Mandera wakienda kazini, na polisi aliyewalinda akauawa. Hao hawakuja kula maisha. Kenya nayo ilipeleka madaktari 50 Cuba kusomea udaktari wa familia. Ule ulikuwa mpango wa 1967 kabisa: mmoja anatibu, mwingine anasoma. Mwaka 2023 serikali ikasema mkataba hautaongezwa, kwa sababu tuna watu wetu.

15/ Umeona kilichobadilika? Mwaka 1967 "haupatikani Kenya" ilimaanisha hakuna aliyesoma. Leo mara nyingi humaanisha aliyesoma yupo, ila hakuna bajeti ya kumwajiri, au hakuna anayekubali kwenda kule kwa mshahara ule. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa vijana waliomaliza chuo kunyimwa nafasi za mafunzo ya kazi. Hilo si pengo la ujuzi, na huwezi kuliziba na kibali.

16/ "Basi tufunge mipaka?" Pole pole. Tuko kwenye Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010, na wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wana makubaliano ya kutambuliana vyeti. Sheria ya 2011 pia inasema mgeni aliyekuwa na kibali cha kazi miaka 7 anaweza kuomba ukaaji wa kudumu. Yaani kibali ni cha muda, lakini sheria inajua watu huota mizizi. Tulijifunza hilo kwa uchungu 1968.

17/ Na sisi wenyewe sasa ndio wageni kwingine. Mkataba wa wauguzi na Uingereza ni wa 2021, wa wafanyakazi na Ujerumani ni wa 2024. Tunataka kijana wetu akifika Berlin apimwe kwa ujuzi wake, asiitwe mwizi wa kazi. Huwezi kudai hivyo kule halafu ucheke mwenzake akifukuzwa hapa.

18/ Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya 1967 iliongeza kitu: akishika jembe, mwenyeji asimame karibu ajifunze kulima. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tutawafungia" au "tutawafungulie", muulize swali moja tu: kwenye hospitali, kampuni au mradi unaoutaja, yule Mkenya anayejifunza chini ya mgeni ni nani, na atakabidhiwa kazi lini? Akikosa jibu, hajasoma fomu anayoipigia kelele.