Bwawa la Nairobi

Bwawa la Nairobi ni hifadhi ndogo ya maji iliyoko kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, Kenya, kati ya mtaa wa Kibera na Barabara ya Lang'ata. Lilijengwa mwaka 1953 kwa kuziba Mto Motoine kwa tuta la udongo. Mto ukishatoka bwawani huitwa Ngong, nao hupita Mukuru na eneo la viwanda kabla ya kuungana na Mto Nairobi.

Kusudi la kwanza lilikuwa akiba ya maji kwa jiji, lakini sifa ya bwawa ililetwa na starehe: mashua za tanga, uvuvi wa kujifurahisha na matembezi ya mwisho wa wiki. Wakazi wa umri mkubwa bado huyasimulia hayo, na anayeliona leo atasadiki kwa shida.

Kina chake kilikuwa cha wastani wa mita 3 hivi tu, hivyo tope lililoletwa na mto halikuchelewa kulijaza. Majitaka na takataka kutoka mitaa ya juu isiyo na mabomba ya kutosha yaliongeza naitrojeni na fosforasi, chakula hasa cha gugumaji. Mmea huo ulitanda tangu miaka ya 1990, ukazuia mwanga na kupunguza oksijeni majini. Kung'oa magugu, kazi iliyorudiwa mara nyingi, hakukufaa sana maadamu majitaka yaliendelea kuingia. Sehemu zilizokauka zimelimwa mboga, nyingine zimevamiwa na majengo.