Mtaa wa Wachukuzi

Sisi tunaoishi Kariakoo, Dar es Salaam, tunaishi ndani ya jina lenye mizigo. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, hapa palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Wapagazi walibeba chakula na risasi hadi vitani, na maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, imeshika bunduki. Mpagazi ameachiwa jina la mtaa.

Baadaye mtaa ulijaa nyumba za Kiswahili: vyumba kushoto na kulia, ukumbi katikati, na uani jiko na choo cha wote. Mkristo na Mwislamu walipanga chumba kwa chumba. Mmoja akiugua, nyumba nzima ilijua. Leo wengi tunalala ghorofani, juu ya maduka, na jirani wa mlango wa pili hatumjui hata jina.

Hata hivyo, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa tarehe 16 Novemba 2024, watu walichimba kifusi kwa nyundo na mikono mitupu, wakiwatafuta wasiowajua.

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba kuchukuliana mizigo ni kuitimiza sheria ya Kristo. Wapendwa, tusingoje kifusi. Tubishe hodi kwa jirani leo, tumwulize jina lake, kisha tumwulize amebeba nini.